Baden-Powell wa Nyeri na Gwaride Linaloeleweka na Umma

Kila shindano la ngoma lina watazamaji wa namna mbili. Wa kwanza ni waamuzi, waliokaa mezani na karatasi na kalamu, wanaojua ni nani aliyechelewesha kijiti na ni nani aliyetanguliza mguu wa kulia badala ya wa kushoto. Wa pili ni umma: mama aliyebeba mtoto, kijana mpita njia aliyevutwa na mlio, mzee aliyekuja kwa kuwa mjukuu wake yumo. Nimehudhuria mashindano mengi ya vikosi vya ngoma na tarumbeta vya shule na vya vijana, pwani na bara, nami nimeliona jambo moja likijirudia. Waamuzi hushiba, na umma hurudi nyumbani na njaa. Mshindi hutangazwa, na nusu ya uwanja haijui ameshinda kwa lipi.

Jambo hili si dogo, waungwana. Fedha za sare na za ngozi za ngoma hutoka katika mifuko ya umma huo huo. Kijana aliyefanya mazoezi juani miezi mitatu anataka kutazamwa na watu wake. Asipotazamwa huchoka, na kikosi hufa. Kwa hivyo leo nimependa kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani, ambaye dunia nzima yamjua kwa jambo jingine, lakini ambaye sehemu kubwa ya umri wake alishughulika na swali hili hili: gwaride la vijana lifanywe vipi hata mtu asiyejua kitu alipende na alielewe? Mtu huyo ni Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Kaburi lake liko katika nchi yetu, mjini Nyeri, mbele ya Mlima Kenya.

MTOTO ALIYEPENDA MCHEZO

Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Oxford, akafariki mwaka wa 1860 mtoto akiwa na miaka mitatu tu. Mama yake, Henrietta, akabaki na kundi la watoto wa kulea. Katika shule ya Charterhouse kijana huyu hakuwa bingwa wa vitabu. Ubingwa wake ulikuwa katika kuimba, kuigiza na kuwachekesha wenziwe. Aliweza kuchora kwa mkono wa kulia na kwa mkono wa kushoto pia. Alijaribu kuingia Oxford akakosa nafasi, na hapo mwaka wa 1876 akaingia jeshini, akapelekwa Bara Hindi pamoja na kikosi cha wapanda farasi.

Maisha ya kambini huko yalikuwa ya joto, homa na uchovu. Askari walipiga kwata asubuhi, kisha wakabaki bila la kufanya mpaka jua litue. Baden-Powell akawa mtu wa jukwaa. Alitunga michezo, akachora mapazia, akaimba nyimbo za kuchekesha, akavaa nguo za vituko. Wakubwa wengine waliona ni upuuzi. Lakini yeye alikuwa akijifunza kazi ambayo haifundishwi katika chuo cha kijeshi, nayo ni kuyatawala macho ya watu. Mtu aliyechoka hafundishiki mpaka kwanza umepata kumvuta.

BARAGUMU LA TANDALA

Afrika ndiyo iliyompa mengi ya yale ambayo baadaye alisifiwa kwayo. Mwaka wa 1888 alikuwa Zululand, na huko aliwasikia mashujaa wa Kizulu wakiimba katika safari yao ya vita. Mmoja hutangulia, na mamia huitikia kwa sauti nzito zinazotoka kifuani. Hakuusahau mpangilio ule. Miaka ishirini baadaye aliwafundisha watoto wa Kiingereza kuimba kwa namna hiyo, mmoja akianza na wengine wakiitikia, kwa maneno aliyoyaiga kutoka kwa Wazulu. Sisi tuliolelewa na kuitikia kasida tunaijua siri yake. Mwenye kuitikia si mtazamaji tena, amekwisha kuwa ndani ya shughuli.

Mwaka wa 1896 alipigana katika nchi ya Wandebele, Zimbabwe ya leo, na kutoka huko alichukua baragumu la pembe la tandala, ambalo wenyeji walilitumia kupelekeana habari za hatari. Watu wa Lamu na Pate hawahitaji kuelezwa nguvu ya pembe. Siwa ikilia, hakuna anayeuliza kumetokea nini, kila mtu anajua kuna jambo kubwa. Baden-Powell aliifahamu nguvu hiyo, akalihifadhi baragumu lile kwa kazi nyingine.

Hapa sharti nitaje na lisilopendeza, kwani maisha ya mtu hayasimuliwi kwa upande mmoja. Katika vita hivyo vya 1896 alimweka Chifu Uwini mbele ya mahakama ya kijeshi, na chifu huyo akapigwa risasi. Uchunguzi ulifanywa na wakubwa wake wakamwondolea lawama, lakini damu ilikuwa imekwisha kumwagika. Baragumu lililokuja kuwafurahisha watoto wa Ulaya lilikuwa ngawira ya vita. Asemaye habari za mzee huyu bila kulitaja hilo anasimulia nusu.

MAFEKING: ONYESHO NA NJAA

Jina lake lilivuma katika vita vya Waingereza na Makaburu. Kuanzia Oktoba 1899 mpaka Mei 1900, kwa siku 217, alizingirwa na Makaburu katika mji mdogo wa Mafeking, Afrika Kusini. Wanajeshi wake walikuwa wachache. Basi akapigana kwa maonyesho. Alijua kwamba adui anatazama kwa darubini kutoka mbali, kwa hivyo akajiuliza adui yule anaona nini. Aliwaamuru askari wake, kila wakipita mahali fulani, wainue miguu juu kama watu wanaovuka seng'enge, na hali seng'enge yenyewe haikuwapo. Mtu wa mbali haoni waya mwembamba, huona miguu tu. Akafukia masanduku ya mchanga mbele ya macho ya watu na kueneza habari kwamba ni baruti. Akatengeneza taa moja ya kumulika, akaihamisha huku na huku usiku ili idhaniwe kwamba ni nyingi.

Siku za Jumapili mizinga ilinyamaza, na yeye akapanga michezo na tafrija, mwenyewe akiketi kwenye piano na kuwachekesha wazungu wa mji. Habari zilipofika London kwamba mji umeokoka, watu walijaa barabarani wakicheza.

Lakini katika mji huo huo walikuwamo maelfu ya Waafrika, wenyeji Wabarolong na wakimbizi, na kwao njaa ilikuwa kali kuliko kwa wazungu. Wengi walikufa. Sol Plaatje, kijana Mwafrika aliyekuwa mkalimani wa mahakama, aliandika kumbukumbu zake za kila siku za mzingiro ule, na kutokana na kalamu yake dunia ilikuja kuujua upande ambao tafrija za Jumapili hazikuuonyesha. Wanahistoria wamebishana juu ya kiasi cha lawama ya Baden-Powell, bali njaa yenyewe haina ubishi.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa kuwa linahusu hoja yangu. Onyesho linaloeleweka upesi lina nguvu kubwa, na nguvu hiyo yaweza kufunika ukweli kama inavyoweza kuufunua. Kila anayetaka kuupendeza umma na aanze kwa kuitazama nia yake.

WAVULANA 7,000 WA GLASGOW

Sasa tunafika kwenye siku iliyogeuza maisha yake. Mwaka wa 1904 Baden-Powell, akiwa na miaka 47 na cheo kikubwa katika jeshi la wapanda farasi, alialikwa Glasgow, Uskochi, kukagua gwaride la chama cha vijana cha Boys' Brigade. Chama hicho kilianzishwa mjini humo mwaka wa 1883 na William Smith, nacho kilikuwa kikitimiza miaka 21. Wavulana wapatao 7,000 walipita mbele yake kwa kwata safi.

Mtu mwingine angalipiga saluti, akanywa chai, akaenda zake. Yeye alistaajabia nidhamu ile, kisha akamwambia Smith jambo lililompa kazi ya miaka iliyobaki. Alimweleza kwamba chama kingekuwa na vijana mara kumi zaidi kama mambo yake yangekuwa na mvuto na namna nyingi zaidi kuliko kwata. Smith hakukasirika. Alimtaka ayaweke hayo katika maandishi, na hapo ndipo fikira ya skauti ilipoanza kuota.

Tulipime jambo hilo. Kwata ni nini kwa anayetazama? Ni watu wengi wanaofanya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Dakika tano za kwanza hupendeza. Baada ya hapo jicho la asiyejua halina pa kushika. Afisa huona safu iliyonyoka, umma huona miguu. Baden-Powell aliona kwamba kijana anayechoshwa na kwata na mtazamaji anayechoshwa na gwaride wana ugonjwa mmoja, nao ni kukosa kisa cha kufuata.

Mwezi wa Agosti 1907 akachukua wavulana wapatao ishirini, wengine wa shule kubwa na wengine watoto wa wafanyakazi, akapiga nao kambi katika kisiwa cha Brownsea. Badala ya kuamshwa kwa buruji ya jeshi, waliamshwa kwa lile baragumu la tandala. Kila kundi lilipewa jina la mnyama au ndege na mlio wake. Mwaka wa 1908 kikatoka kitabu chake, Scouting for Boys, kikauzwa kama njugu.

SISI NA BENI NA GOMA

Msomaji wa pwani asidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Wazee wetu walilitatua swali hili kwa njia yao. Tangu miaka ya 1890 miji ya pwani ilikuwa na vyama vya beni, vilivyoiga ngoma kubwa, tarumbeta na sare za wanajeshi wa kigeni, kisha vikashindana. Marini na Arinoti yalikuwa majina yaliyojulikana kutoka mji hadi mji, na katika Vita Kuu ya kwanza beni ilisafiri na askari na wapagazi mpaka bara ya mbali. Kwa nini umma ulifurika? Kwa sababu kila mtu alijua hadithi iliyokuwa nyuma ya ngoma. Upande huu ni wetu na ule ni wao, huyu ndiye mfalme wao na yule ndiye jenerali wetu, na leo tunalipa aibu ya mwaka jana. Hapakuhitajika karatasi ya alama.

Kinyume chake, mtazame mgeni anayeliona goma la Lamu kwa mara ya kwanza. Wanaume wamesimama safu moja katika kanzu, na bakora mikononi, wakisogea polepole mno. Mgeni husubiri waanze kucheza, na wao wameanza zamani. Lakini akipata mtu wa kumnong'oneza atazame bakora zinavyopanda na kushuka pamoja, na nani katika safu hiyo anayevunja heshima kwa haraka, basi macho yake hufunguka na huweza kusimama hapo mpaka mwisho. Goma halikubadilika hata kidogo. Kilichoongezeka ni ufunguo, na kuutoa ufunguo huo ndiyo kazi aliyoifanya Baden-Powell.

KUTOKA WINDSOR HADI OLYMPIA

Septemba 1909 maskauti wapatao 11,000 walikusanyika Crystal Palace, London. Walijitokeza na wasichana waliojiita maskauti bila ruhusa ya mtu, na kutokana nao kikazaliwa chama cha Girl Guides mwaka uliofuata.

Mwezi wa Julai 1911 Mfalme George wa Tano aliwakagua maskauti katika viwanja vya Windsor, zaidi ya 25,000. Kwa desturi wangalipita safu baada ya safu, na mfalme angalisimama saa nzima akipiga saluti. Baden-Powell aliwapanga mbali katika nusu duara kubwa. Ilipotolewa ishara, wote walitoka mbio kumwelekea mfalme, kila kundi likilia mlio wa mnyama wake, na ardhi ikatikisika. Walipofika mbele yake wakasimama ghafla kama waliogonga ukuta, kukawa kimya. Msomaji, tukio hilo lahitaji maelezo gani? Mtoto wa miaka mitano angelifahamu: nguvu, kisha utii.

Desemba 1916, mbele ya watu waliokusanyika katika ukumbi wa Caxton Hall, alionyesha tawi la watoto wadogo. Watoto wa umri huo hawawezi kwata. Akaomba ruhusa ya rafiki yake, mwandishi Rudyard Kipling, atumie hadithi za mtoto aliyelelewa na mbwamwitu. Basi watoto wakawa wanacheza ngoma za chui, dubu na chatu. Makosa ya mtoto mdogo, ambayo katika kwata yangekuwa aibu, katika hadithi yakawa utamu. Mtazamaji hakuhesabu hatua, alimfuata chatu anavyojipinda.

Jaribio kubwa lilikuwa mwaka wa 1920. Kuanzia tarehe 30 Julai mpaka 8 Agosti ulifanywa mkutano wa kwanza wa maskauti wa dunia, jambori, katika jumba la Olympia, London. Walikuja wapatao 8,000 kutoka nchi 34. Sakafu ya jumba ilifunikwa udongo na majani, yakafanywa mashindano na maonyesho mbele ya umma, na mwisho vijana wakamtangaza kuwa Skauti Mkuu wa Dunia. Ulikuwa ushindi, lakini naona ulimfundisha pia mpaka wa ukumbi. Vijana waliojaa katika jumba wakifanya maonyesho kila siku hugeuka watumishi wa tiketi. Mikutano iliyofuata ikawa kambi, na umma ukaalikwa kutembea katikati ya mahema. Mwaka wa 1924 huko Denmark yalikuwapo mashindano ya ubingwa kati ya mataifa, na Wamarekani wakatoka wa kwanza. Jambori zilizofuata zilijengwa juu ya udugu zaidi kuliko ubingwa.

Mwaka wa 1929 huko Arrowe Park, Uingereza, mbele ya vijana wapatao 50,000 wa lugha nyingi, baragumu lile la pembe la tandala lililia kufungua mkutano. Mvua na matope vilikuwa vingi. Siku ya kufunga, vijana walijipanga kama gurudumu kubwa lenye mikono. Yeye katikati akazika shoka, ishara ya vita, kisha akatoa mishale iliyopakwa rangi ya dhahabu, ikapitishwa mkono kwa mkono mpaka ukingoni, kila mshale kwa pembe moja ya dunia. Hakuna aliyehitaji mkalimani. Mwaka huo huo alipewa ulodi.

VIKOSI VYA NGOMA VYA MAREKANI

Ni huko Marekani ambapo mti aliopanda ulitoa tawi la ngoma lenye nguvu. Vikosi vingi vya ngoma na buruji huko vilianzishwa na maskauti. Katika jimbo la Wisconsin, Racine Scouts walianza mwaka wa 1927 na Madison Scouts mwaka wa 1938. Mwaka wa 1972 yalifanywa mashindano ya kwanza ya ubingwa ya chama cha Drum Corps International, na Madison Scouts waliwahi kutoka wa kwanza mwaka wa 1975 na wa 1988.

Historia ya mashindano hayo ingemchekesha mzee wetu. Kwa miaka mingi waamuzi walitembea katikati ya wapigaji wakiweka alama ndogo kwa kila kosa, na alama hizo zikakatwa katika jumla. Aliyeshinda ni aliyekosea kidogo, na vikosi vikaogopa kujaribu jambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hesabu hiyo ya makosa iliachwa, na uzito zaidi ukapewa athari ya onyesho zima kwa mtazamaji. Maonyesho yakapata visa, rangi na vichwa vya habari. Nako huko malalamiko mapya yakazuka, kwamba visa vingine vimekuwa na werevu mno hata mtazamaji anahitaji karatasi ya kumweleza. Hilo nalo ni kosa lile lile katika vazi jipya. Kisa kinachohitaji karatasi bado hakijachezwa.

MIAKA YA NYERI

Baden-Powell alifika Nyeri mwaka wa 1935 kumtembelea rafiki yake Eric Sherbrooke Walker, ambaye zamani alikuwa karani wake na sasa alikuwa mwenye hoteli ya Outspan. Aliupenda mji, ubaridi wake na mlima ulio mbele. Mwaka wa 1938, afya ikiwa imedhoofika, akahamia huko na mkewe Olave, aliyemwoa mwaka wa 1912, katika nyumba ndogo iliyojengwa kwenye viwanja vya hoteli. Waliiita Paxtu, kwa kukumbuka nyumba yao ya Uingereza iliyoitwa Pax Hill. Mtu aliyewapanga maelfu uwanjani sasa aliketi barazani akichora ndege na wanyama na kuandika vitabu. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akiwa na miaka 83, akazikwa katika makaburi ya kanisa la St. Peter's. Mkewe alifariki mwaka wa 1977, na majivu yake yakaletwa hapo.

Nimelizuru kaburi hilo. Juu ya jiwe pamechorwa alama ya maskauti na ya Girl Guides, na duara lenye nukta katikati. Katika alama za njiani za maskauti, duara na nukta maana yake ni kwamba aliyepita hapa amekwenda nyumbani. Kijana yeyote wa skauti, awe wa Japani au wa Likoni, huisoma bila mwalimu. Sisi tuna imani yetu juu ya marejeo ya binadamu, na si lazima tuazime ya mwingine. Lakini kwa upande wa ufundi nilikiri moyoni kwamba mzee huyu hata kaburini alijua kusema na umma kwa uchache.

NGOMA ZA CHUKA

Kutoka Nyeri niliuzunguka mlima kwa upande wa kusini, nikapita Karatina na Embu, mpaka Chuka. Embu wana wachezaji wao wanaocheza juu ya miti mirefu, ambao hakuna asiyewaelewa, kwa kuwa kila mtu anajua maana ya kuanguka. Chuka wana ngoma zao ndefu, ambazo mpigaji huzibana katikati ya mapaja, akacheza na kupiga kwa pamoja. Wachuka wamealikwa katika sherehe nyingi za taifa, na mvuto wao umo katika kuonekana. Mtazamaji wa nyuma kabisa aona mlio unapotoka, aona bega likishuka kabla sikio halijapata pigo. Hapo hakuna kilichofichwa kwa ajili ya mtaalamu peke yake, na mtaalamu naye hakunyimwa kitu.

Basi kwa walimu wa vikosi vyetu nina maneno machache. Ubingwa wa vijiti na hatua ubaki, kwani bila huo hakuna shindano. Lakini kabla ya kikosi kuingia, asimame mtu mwenye sauti njema awaambie watu mambo mawili ya kutazama, kama anavyofanya yule anayemnong'oneza mgeni kwenye goma. Baada ya matokeo, mwamuzi mmoja aseme hadharani mshindi alishinda kwa lipi. Uachwe wakati wa umma kuitikia. Na kila kikosi kichague kisa kimoja kinachojulikana na watu wake, kisha kila pigo likitumikie kisa hicho. Nia nayo iwe safi, tusije tukawa na tafrija ya Jumapili huku jirani ana njaa.

Visa tunavyo tele. Chukua habari za Fumo Liyongo. Shujaa yuko gerezani, amefungwa minyororo. Mama yake anampelekea mkate wa wishwa, na ndani yake kuna tupa. Nje ya ukuta watu wanapiga ngoma ya gungu kwa kishindo, na kila kishindo kinauficha mkwaruzo wa tupa inayokata chuma. Kikosi cha Lamu au cha Mombasa kikiweza kucheza hivyo, vigoma vidogo vikwaruze kama tupa, ngoma kubwa zifunike, tarumbeta zinyamaze mpaka mnyororo ukatike, sioni ni mtoto gani wa pwani atakayeuliza ngoma hii ina maana gani. Na mgeni wa Nyeri atakayekuwapo hapo atasikia chuma kikikatika, naye atajua kwamba kuna mtu ametoka.